Mfadhili yuko tayari kulipia miti 5,000, si kupima udongo wenye sumu. Tukubali?

#1 Mkwaju
Wakuu, salaam.

Mimi ni katibu wa kikundi cha watu 34 tunaoishi kandokando ya uwanja ambao zamani ulikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Kiwanda kilifungwa, mwenyewe akaondoka, majivu akatuachia. Watoto wanacheza humo humo.

Tuliandika andiko la kuomba ruzuku. Tuliomba vitu vitatu: kupima udongo, kupima damu ya watoto wa chini ya miaka sita, na wakili wa kutusaidia kudai eneo lisafishwe. Kurasa 27, nimekesha nazo siku tisa.

Jibu limekuja juzi. Wameipenda sana "ari ya jamii". Wako tayari kutoa ruzuku, ila iwe ya kupanda miti 5,000 na kutoa elimu ya mazingira shuleni. Damu, wanasema, ni mambo ya afya, si mazingira. Wakili ni uanaharakati, si mradi. Udongo hawakuutaja kabisa.

Dai langu, na mnipinge: fedha nyingi zinazoitwa za haki ya mazingira zinalipia mazingira, haki wanaiacha mlangoni. Mti haumshtaki mtu, ndiyo maana unapendwa.

Tukubali miti, au turudishe barua? Kikao cha kikundi ni Jumamosi ya wiki ijayo.

#2 Kigoda
Naweka kiti mbele. Uzi wa hivi hauji kila siku.

#3 MzeeWaBajeti
Kubali, mkuu. Tena haraka kabla hawajabadili mawazo.

Kikundi ambacho hakijawahi kupokea hata senti moja ya ruzuku hakina historia. Mfadhili wa pili atauliza mliwahi kusimamia kiasi gani, nani alikagua hesabu, ripoti mlipeleka kwa wakati? Hayo utayajibu kwa miti. Panda miti, tunza risiti, peleka ripoti safi, mwaka unaofuata omba wakili ukiwa na jina. Mtu hakabidhiwi ng'ombe kabla hajaonekana akichunga mbuzi.

#4 SitakiShari
Mzee #3, hiyo njia tulipita sisi. Ngoja nikusimulie mwisho wake.

Shida yetu ilikuwa maji machafu ya kiwanda kuingia mtoni. Mfadhili akasema anzeni na miti kando ya mto, mengine baadaye. Tukaanza. Mwaka wa pili tukaitwa "kikundi cha miti". Kila tukifungua mdomo kuhusu maji, tunaambiwa hilo liko nje ya mradi. Siku ya kilele, kiwanda kile kile kikaleta miche 200 na mpiga picha. Mwenyekiti wetu akapiga picha akishikana mkono na meneja, mti katikati. Kesho yake picha iko kwenye bango lao.

Sasa nenda kashitaki. Mahakamani watakuonyesha ile picha.

#5 Kigoda
Hahaha, mti katikati kama bibi harusi.

#6 MsomiWaUsiku
Mnaongea kana kwamba haki ya mazingira ilizaliwa kwenye ofisi za wafadhili. Ilizaliwa barabarani. Mwaka 1982, Warren County, jimbo la North Carolina, Marekani, serikali ya jimbo ilianza kuzika udongo wenye PCB, kemikali za sumu za viwandani, katika kaunti ya watu maskini, wengi wao weusi. Watu wakalala barabarani mbele ya malori. Zaidi ya 500 walikamatwa.

Walishindwa, dampo likajengwa. Ila kelele ile ndiyo iliyozaa tafiti. Mwaka 1987 kanisa la United Church of Christ lilitoa ripoti ikionyesha kwamba Marekani, rangi ya wakazi ilitabiri mahali pa taka za sumu kuliko hata kipato chao. Mwaka 1994 Rais Clinton akatia saini amri namba 12898, kila idara ya serikali itazame nani anabeba mzigo wa uchafuzi. Ruzuku za EPA, ile mamlaka yao ya mazingira, ndizo zilitangulia, 1992.

Ninachosema ni kwamba kelele ilikuja kwanza, fedha ikafuata. Mkwaju anataka fedha imletee kelele.

#7 Dira
Rekebisho dogo #6. Kilichoanza 1992 ni ofisi ya usawa wa mazingira ndani ya EPA. Ruzuku ndogo kwa vikundi zilianza 1994. Mengine uko sahihi.

Na umalizie hadithi: usafishaji wa dampo la Warren ulikamilika mwishoni mwa 2003. Miaka 21. Mfadhili gani ana subira hiyo?

#8 MsomiWaUsiku
Nimekubali, 1994. Shukrani.

#9 UpandeWaPili
Nimekuwa nikisoma tu, ila Dira amegusa penyewe.

Nilikaa upande wa pili wa meza miaka sita, nikisoma maandiko kama la Mkwaju na kuamua lipi lipite. Mnadhani tunakataa wakili kwa sababu tunaogopa siasa. Wapo wanaoogopa. Ila mara nyingi jambo ni la hovyo zaidi ya hapo: hesabu. Mimi nilitakiwa kumpelekea bosi wangu jedwali kila miezi sita. Miti 5,000 inaingia kwenye jedwali. Miti 4,100 iliyo hai baada ya mwaka inaingia. Kesi inaingiaje? Nusu ya kesi?

Chukueni mfano wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, Kenya. Kiwanda cha kuyeyusha betri katikati ya makazi, kama cha Mkwaju. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mtoto wake akakutwa na risasi, ile metali ya sumu ya betri (lead), kwenye damu, akaanza kupaza sauti. Kiwanda kilifungwa 2014, yeye akapewa tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira, 2015, kesi ya fidia ikafunguliwa 2016, hukumu ikatoka Julai 2020. Ruzuku ya kawaida ni miaka miwili, ikizidi sana mitatu. Afisa aliyeidhinisha mwanzo anakuwa ameshahama, bosi wake kahama, hata mkakati wa shirika umebadilika mara mbili.

Kwa hiyo si uoga tu. Saa ya mfadhili na saa ya mahakama hazisomeki pamoja.

#10 Chumvi
Na mwisho wa yote Owino Uhuru walishindwa kwenye rufaa, si ndiyo? Fidia ya shilingi bilioni 1.3 ikayeyuka kama hizo betri. Kwa hiyo wafadhili wana haki ya kuogopa kesi.

#11 UpandeWaPili
#10 umesimama katikati ya safari. Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu 2023, kweli. Ila Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha, shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ukitoa mfano, ufikishe kituo cha mwisho.

#12 Chumvi
Sawa, nimesahihishwa. Ila kushinda na kulipwa ni vitu viwili.

#13 Dira
Hilo ni kweli.

#14 Kaskazi
Kuna maelezo ambayo UpandeWaPili hakuyataja, labda kwa sababu yanamgusa: wapatanishi, yaani mashirika ya katikati.

Fedha haiji moja kwa moja kwa kina Mkwaju. Inatoka kwa mfadhili mkubwa, inaingia shirika la kimataifa, inashuka shirika la kitaifa, ndipo inafika kikundi. Kila ngazi inakata gharama zake za uendeshaji. Angalieni Glasgow 2021, kwenye COP26, mkutano wa dunia wa tabianchi. Nchi tano na taasisi kadhaa ziliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya haki za ardhi za watu wa asili na jamii za misituni. Makofi yalipigwa. Ripoti yao wenyewe ya mwaka wa kwanza ikasema zilizokwenda moja kwa moja kwa mashirika ya jamii hizo ni asilimia 7.

Asilimia 7! Na hiyo ni ripoti ya waliotoa, si ya wapinzani wao.

Mti au wakili, kwanza ulizeni fedha imepita mikono mingapi.

#15 UpandeWaPili
Inanigusa, sikatai. Ila jaribu na wewe kukaa pale. Kutoa ruzuku moja ya dola milioni 5 ni mkataba mmoja, ukaguzi mmoja. Kutoa ruzuku 500 za dola 10,000 ni mikataba 500, na ofisi ina watu wanne. Mpatanishi hakuzaliwa kwa ulafi peke yake.

#16 MamaWawili
Naomba niseme lisilopendwa.

Sisi tulipata ruzuku moja kwa moja, bila mpatanishi wa aina yoyote. Ilikuwa ya vipima hewa karibu na machimbo ya kokoto. Mweka hazina wetu, mtu tuliyemchagua kwa kunyoosha mikono, akanunua pikipiki. Akasema ni ya "ufuatiliaji". Pikipiki ilifuatilia kila kitu isipokuwa hewa. Vipima hewa viwili kati ya sita ndivyo vilinunuliwa, na kimoja kilining'inizwa sebuleni kwake.

Mfadhili akasitisha. Vumbi liko pale pale. Kwa hiyo tukimaliza kuwasema wazungu wa pesa na wapatanishi, tujitazame na sisi.

#17 Kigoda
Kipima hewa sebuleni! Angalau alijua hewa ya kwake ni safi.

#18 SitakiShari
#16 pole dada. Ila wizi wa mmoja mnaulipa wote kwa makaratasi. Kwetu tunadaiwa nukuu tatu za bei kabla ya kununua kalamu.

#19 Bahari_Kuu
Kubwa kuliko wapatanishi ni kwamba fedha ya haki ina bwana wake, na bwana akibadilika inakatwa. Msomi kaishia 1994, mimi niendelee.

Agosti 2022 Marekani ilipitisha sheria iliyotenga dola bilioni 3 kwa haki ya mazingira na tabianchi: bilioni 2.8 ruzuku, milioni 200 msaada wa kitaalamu. Haijawahi kutokea. EPA ikachagua taasisi 11 za kugawa ruzuku ndogo kwa vikundi vya mitaa, ili watu kama Mkwaju wasijaze fomu za serikali kuu. Kaskazi angefurahi, au angelia, maana hao nao ni wapatanishi.

Januari 2025 serikali mpya ikaingia. Ile amri ya Clinton ya 1994 ikafutwa ndani ya siku mbili. Miezi iliyofuata mamia ya ruzuku zikasitishwa, nyingine mikataba imeshasainiwa na watu wameshaajiriwa. Julai 2025 bunge likanyang'anya hata salio ambalo halikuwa limefungwa kwa mikataba. Waliokatiwa wakakimbilia mahakamani.

Kwa hiyo Mzee wa Bajeti anaposema "mwaka unaofuata utaomba wakili", mwaka unaofuata ni wa nani?

#20 MzeeWaBajeti
Bahari, hoja yako inanisaidia mimi. Kama fedha inaweza kukatika kesho, chukua iliyopo leo.

#21 Bahari_Kuu
Na ukishaichukua ukaajiri watu wawili, kisha ikakatika? Unawalipa kwa majani ya miti?

#22 Dira
Hapo mnagusa kitu ambacho vikundi vidogo hugundua wakiwa wameshazama: ruzuku nyingi, hasa za serikali, ni za kurejeshewa. Unatumia kwanza, unapeleka risiti, halafu unalipwa. Shirika kubwa lina akiba ya kusubiri miezi mitatu. Kikundi cha watu 34 kitasubiri kwa akiba gani?

Na gharama za uendeshaji pia. Kwa ruzuku za serikali kuu ya Marekani, asiye na kiwango chake alichojadiliana na serikali aliruhusiwa asilimia 10 tu, ikapandishwa kuwa 15 kuanzia Oktoba 2024. Wafadhili wengine hawatoi hata hizo. Wanataka mradi bila mhasibu, bila umeme, bila chumba. Kisha wanashangaa hesabu zimevurugika na kuna pikipiki sebuleni.

#23 MamaWawili
Kipima hewa ndicho kilikuwa sebuleni. Pikipiki ilikuwa uani. Tuwe wakweli.

#24 Dira
Samahani mama, uani.

#25 JembeButu
Mkwaju, mbona hamwoni kilicho mbele yenu? Nimefanya kazi za upandaji miti. Hakuna mtaalamu anayejiheshimu anapanda miti 5,000 bila kupima udongo. Lazima ujue uchachu, chumvi, rutuba, aina ya mti itakayokubali.

Kubalini miti. Halafu kwenye bajeti ya miti wekeni mstari: "upimaji wa udongo wa eneo la kupandia, sampuli 60". Maabara ikishakuwa na sampuli mkononi, kuongeza kipimo cha risasi ni kuweka alama kwenye kisanduku kimoja cha fomu. Mnapata data yenu, mfadhili anapata miti yake, na matokeo yanaingia kwenye ripoti yake rasmi. Hawezi tena kusema hakujua.

#26 Kigoda
Huyu apewe uenyekiti.

#27 SitakiShari
#25 nimekuinamia.

#28 Chumvi
Tena miti yenyewe itanyonya ile risasi, tatizo limeisha. Kuna utaalamu huo, mimea inasafisha udongo. Kwa hiyo mfadhili yuko sahihi bila kujua.

#29 Chokaa
Naishi na udongo kikazi, niruhusuni.

#28 hapana. Mimea kunyonya metali ipo, ila risasi ni kati ya zile ngumu kabisa. Inashikamana na chembe za udongo, hasa udongo wa juu wenye mboji, na kinachopanda kwenye shina na majani ni kidogo mno. Utasubiri vizazi. Na kile kidogo kinachoingia kwenye majani, majani yanadondoka, kinarudi pale pale.

Kibaya zaidi: kuchimba mashimo 5,000 kwenye udongo wa kiwanda cha betri ni kutifua vumbi. Risasi haiwadhuru watoto ikiwa imelala chini, inawadhuru ikiwa kwenye vidole na kwenye vumbi wanalomeza. Mkipanda kabla ya kupima, mnaweza kuwaongezea dozi. Kwa hiyo JembeButu yuko sahihi kuliko anavyodhani: kupima kwanza si ujanja wa bajeti, ni usalama wa wachimbaji.

Kama mtapima, chukueni udongo wa juu kabisa, sentimita mbili tatu, ndio unaogusa mtoto. Sampuli za kina cha nusu mita zitakupa namba nzuri na za uongo. Maabara ikiwa mbali, kuna kifaa cha kushika mkononi kinachotumia miale ya eksirei, kinasoma risasi papo hapo. Kukikodi siku mbili ni nafuu kuliko kusafirisha sampuli 60, ila peleka chache maabara kuthibitisha. Kwa kulinganisha, EPA ilishusha kiwango chake cha tahadhari kwa udongo wa makazi Januari 2024, kutoka miligramu 400 kwa kilo hadi 200. Uwanja wa kuyeyushia betri unaweza kuzidi hapo mara nyingi sana.

#30 Chumvi
Leo si siku yangu.

#31 MzeeWaBajeti
Chumvi, kaa karibu na mimi huku tunakokosolewa wawili.

#32 Nuru
Samahani wapendwa, naona wote mnashangilia #25. Mimi naona ni udanganyifu. Mfadhili kasema miti. Wewe unaficha kipimo cha sumu ndani ya mstari wa rutuba. Siku akijua, jina la kikundi limekwisha, na vikundi vingine vyote vitabanwa zaidi. Kama mnaamini kupima ni haki yenu, andikeni wazi: "hatupandi kabla ya kupima risasi, gharama yake ni hii." Akikataa, mmemjua.

#33 JembeButu
Nuru, sijasema afiche. Mstari wa bajeti unaonekana, anausaini mwenyewe. Simlazimishi tu kuusoma kwa darubini.

#34 Nuru
Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ninayoiita udanganyifu.

#35 UpandeWaPili
Kwa uzoefu wangu, Nuru na Jembe wote wawili wanaweza kufaulu, inategemea afisa. Wapo maafisa ambao wangekumbatia huo mstari, maana nao wamefungwa mikono na fomu na wanatafuta mlango. Mimi niliwahi kupitisha mradi wa "sanaa na vijana" ambao nusu yake ilikuwa kuchora ramani ya mabomba ya maji taka. Nilijua. Bosi alipenda michoro.

#36 Sindano
Mimi ni mhudumu wa afya na nataka kurudi kwenye damu, maana imepita haraka.

Mfadhili kusema damu ya mtoto si mazingira ni upuuzi. Ila kuna sababu nzuri ya kusita ambayo hakuitaja. Ukimpima mtoto, ukampa mama namba, halafu? Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Wamarekani wanatumia mikrogramu 3.5 kwa desilita kama alama ya kuanza kufuatilia. Dawa za kuondoa risasi mwilini hufikiriwa kwa viwango vikubwa sana, 45 kwenda juu, na zina madhara yake. Kwa walio katikati, dawa ya kwanza ni kumtoa mtoto kwenye chanzo, kumpa chakula chenye madini ya chuma na kalisi, na kupima tena.

Sasa mama anaishi hapo hapo, chanzo kiko uani. Umempa namba na hofu, hujampa njia. Niliona kampeni ya namna hiyo. Wapimaji walichukua damu, wakaondoka, matokeo yakaja kwa barua pepe ya mwenyekiti. Mama mmoja aliniuliza, "Sasa nimfungie ndani?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kama mnaomba kupima damu, ombeni pamoja nayo: nani atatoa matokeo, kwa faragha ya nani, atarudi lini, na nyumba ipi itasafishwa kwanza. Andiko la kurasa 27 lilikuwa na hayo?

#37 Mkwaju
#36 hapana. Lilikuwa na idadi ya watoto na bei ya kipimo. Umenikalisha chini, dada.

#38 Kaskazi
Nami nisiwe wa kulalamika tu. Mkwaju, kuna milango mingine. Ule Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulianza 1992 na umefika nchi zaidi ya 100. Kwa miaka mingi ukomo wake wa kawaida ulikuwa dola 50,000, uamuzi unafanywa na kamati ya ndani ya nchi ambayo wengi wake si watu wa serikali, na mchango wenu unaweza kuwa nguvukazi badala ya fedha. Kemikali na taka ni moja ya maeneo yao, kwa hiyo udongo wa risasi hauwashangazi.

Mwingine ni Global Greengrants Fund, tangu 1993. Wao hawasubiri maandiko marefu, wanatumia washauri walio karibu na vikundi kuwapendekeza. Ubaya wake ni kwamba lazima mshauri awajue. Usipojulikana hupendekezwi.

#39 Chumvi
Yaani badala ya mpatanishi una mshauri.

#40 Kaskazi
Chumvi, hiyo sasa umepatia.

#41 MsomiWaUsiku
Bado nasimama nilipo. Warren hawakuwa na mshauri wala kamati. Mnaongelea mistari ya bajeti, watoto wanacheza kwenye majivu. Fungeni ule uwanja kwa miiba na mabango kesho asubuhi. Hiyo haihitaji ruzuku.

#42 Sindano
Msomi, kwa mara ya kwanza uzi mzima nakubaliana na wewe. Uzio kwanza. Na maji ya kunawa mikono.

#43 SitakiShari
Mabango yaandikwe nini, "sumu"? Kabla ya kupima, mwenye uwanja anakushitaki kwa kumchafulia jina. Ndiyo maana tunarudi kwenye vipimo kila tukizunguka.

#44 Dira
Andika "watoto wasicheze hapa". Hiyo hakuna wa kuishitaki.

#45 Kigoda
Mimi nauliza tu: fulana zenye nembo zitatoka rangi gani? Sijawahi kuona mradi wa miti usio na fulana.

#46 MamaWawili
Kijani. Na zinachujuka fua ya kwanza. Ninazo mbili, natumia kudekia.

#47 Mkwaju
Wakuu, narudi na mrejesho. Kikao kilifanyika jana.

Mwanzoni kura zilikuwa 19 kukubali miti, 11 kukataa, wengine walinyamaza. Nikawasomea bandiko la Chokaa kuhusu vumbi, neno kwa neno. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda akasimama akasema mashimo ya upande wa mashariki yeye hachimbi hata kwa malipo, maana ndiko walikokuwa wakimwaga. Hajawahi kulisema hilo mbele yetu. Kura zikapigwa upya.

Tumewaandikia hivi: tunakubali miti, ila hakuna shimo litakalochimbwa kabla ya udongo kupimwa, na gharama ya vipimo imo kwenye bajeti, mstari wa nne. Tumefuata Nuru, tumeandika wazi. Tumefuata Jembe, tumeuita upimaji wa eneo la kupandia. Miiba imeshawekwa upande wa mashariki, na mabango ya Dira. Damu tumeiondoa kwanza mpaka tumpate mtu wa kurudi na matokeo, Sindano nitakutafuta.

#48 Nuru
Na wao wamesemaje?

#49 Mkwaju
Wamejibu leo asubuhi, mstari mmoja: "Vipimo vya udongo, vya nini hasa?"

Nimewajibu: uchachu, rutuba na risasi. Nasubiri.